Taa za Onyo na Namba za Hitilafu katika Gari: Maana Yake na Namna ya Kuzisoma

Dereva aketiye nyuma ya usukani haoni yale yanayotendeka ndani ya injini. Haoni oili ikisukumwa kati ya vyuma vinavyosuguana, wala maji yakizunguka kuipoza injini, wala umeme ukirudi kuijaza betri. Kwa sababu hiyo waundaji wa magari huweka mbele yake ubao wa vipimo, yaani dashibodi, ambao kazi yake ni kumletea habari za sehemu asizoziona. Baadhi ya habari hizo huletwa na mishale, kama ule wa mwendo na ule wa petroli. Nyingine huletwa na taa ndogo ambazo kwa kawaida hubaki zimezimika, na huwaka pale tu panapotokea jambo la kumwonya dereva.

Katika magari ya miaka ya 1960 taa hizo zilikuwa tatu au nne tu. Katika gari la siku hizi huzidi ishirini, na nyuma yake ziko kompyuta zinazohifadhi namba maalumu kwa kila hitilafu iliyotambuliwa. Watu wengi huziona taa hizi kila siku pasipo kujua maana yake. Wengine huzibandika karatasi zisiwasumbue macho. Wengine, kwa hofu, hununua vipuri ambavyo gari halikuvihitaji. Makosa yote mawili hugharimu fedha, na la kwanza huweza kugharimu maisha. Makala haya yanaeleza jinsi taa hizo zinavyofanya kazi, na jinsi namba za hitilafu zinavyopaswa kufasiriwa.

LUGHA YA RANGI

Alama zinazotumika katika dashibodi si za kubahatisha. Zimewekwa kwa makubaliano ya kimataifa ili dereva wa nchi yoyote aweze kuzitambua bila ya kujua lugha ya nchi lilikotengenezwa gari. Jambo hili lina manufaa makubwa katika Afrika ya Mashariki, ambako magari mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na maandishi yaliyomo ndani yake mara nyingi ni ya Kijapani.

Rangi nazo zina maana. Nyekundu ni hatari: dereva hana budi kusimamisha gari mahali pa salama mapema iwezekanavyo. Njano ni tahadhari: gari laweza kuendelea na safari, lakini lahitaji kuchunguzwa bila ya kuchelewa. Kijani na buluu ni taarifa tu, kwa mfano kwamba taa kubwa zimewashwa.

Ufunguo unapozungushwa kabla injini haijawaka, taa nyingi za onyo huwaka kwa pamoja. Hilo si kosa. Ni jaribio la kuonyesha kwamba taa zenyewe ni nzima. Injini ikishawaka, hazina budi kuzimika baada ya sekunde chache, isipokuwa ile ya breki ya mkono ambayo husubiri breki iachiliwe. Kwa hiyo dereva mwangalifu hutazama mambo mawili: taa isiyozimika, na taa isiyowaka kabisa. Hii ya pili husahauliwa na wengi, ingawa taa isiyowaka wakati wa jaribio haiwezi kumwonya mtu siku ya hatari.

TAA NNE NYEKUNDU

Taa ya oili huonyeshwa kwa picha ya kopo la kumiminia oili. Watu wengi hudhani kwamba taa hii hupima kiasi cha oili. Sivyo, hupima kanieneo, yaani nguvu ambayo oili inasukumia katika mifereji ya injini. Katika injini kuna swichi ndogo yenye ngozi nyembamba na springi. Injini isipozunguka hakuna kanieneo. Springi huunganisha sakiti na taa huwaka. Injini ikizunguka, pampu huisukuma oili, oili huisukuma ngozi, sakiti hukatika na taa huzimika. Katika injini nyingi swichi hiyo hugeuka kanieneo ikiwa takribani kilopaskali 30 hadi 50. Kiwango hicho ni cha chini mno, na kwa hiyo taa hii haionyi mapema. Ikiwaka, oili imekwisha kushindwa kutenganisha vyuma, na beringi huweza kuharibika kwa muda wa dakika chache. Injini sharti izimwe mara moja. Kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba oili imejaa, bado injini isiwashwe, maana huenda pampu ndiyo iliyoharibika.

Taa ya joto, yenye picha ya kipimajoto ndani ya maji, huwaka maji ya kupozea yanapopata moto kupita kiasi. Hapa fizikia ya darasani yatoa onyo muhimu. Mfuniko wa rejeta huzuia maji chini ya kanieneo kubwa kuliko ile ya hewa, na kwa sababu hiyo maji huweza kufikia nyuzi za Selsiasi 110 au zaidi pasipo kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa ghafla, kanieneo hushuka, na maji hayo huchemka kwa mara moja na kuruka nje pamoja na mvuke. Wengi wameungua uso na mikono kwa namna hiyo. Njia salama ni kuzima injini na kungoja mpaka ipoe kabisa.

Taa ya chaji ina picha ya betri, na picha hiyo huwapotosha watu wakanunua betri mpya. Kwa kweli taa hii huhusu alteneta, mtambo unaozalisha umeme injini inapozunguka. Katika magari ya zamani taa iliunganishwa kati ya betri na alteneta. Alteneta ilipofanya kazi, volteji ya pande zote mbili ilikuwa sawa, hakukuwa na mkondo, na taa ilizimika. Alteneta ilipokoma, tofauti ya volteji ilipitisha mkondo na taa ikawaka. Betri nzuri iliyotulia huwa na takribani volti 12.6, alteneta nzima huipandisha hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kipimo cha volti cha bei ndogo chatosha kuonyesha ni kipi kilichoharibika. Aidha, katika injini nyingi mkanda mmoja ndio unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Endapo taa ya chaji imewaka na papo hapo mshale wa joto unapanda, yaelekea mkanda umekatika, wala haifai kuendelea na safari.

Taa ya breki huwaka kwa sababu mbili zilizo tofauti sana. Ya kwanza ni breki ya mkono iliyosahauliwa. Ya pili ni kupungua kwa mafuta ya breki katika chombo chake, ambamo mna boya dogo linaloshuka pamoja na mafuta. Mafuta hayo hayaliwi kama petroli. Yakipungua polepole, huenda ni kwa sababu pedi zimelika na pistoni za breki zimesogea mbele, zikachukua mafuta mengi zaidi. Yakipungua ghafla, yanavuja. Kwa hiyo kuongeza mafuta na kuondoka si matengenezo. Ni kuahirisha ajali.

ASILI YA TAA YA INJINI

Taa iletayo maswali mengi kuliko zote ni ile ya njano yenye umbo la injini. Ili kuielewa, ni lazima kurejea katika mji wa Los Angeles, Marekani, ambao katika miaka ya 1940 na 1950 ulisumbuliwa na ukungu mzito uliowasha macho na kudhuru mimea. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha huko California, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba haidrokaboni na oksidi za naitrojeni, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka katika magari, huungana chini ya mwanga wa jua na kufanya ozoni. Ugunduzi huo ndio uliokuwa msingi wa sheria za kupunguza uchafu wa moshi wa magari.

Sheria hizo zilileta vyombo vipya. Tangu magari ya mwaka 1975, mengi ya magari ya Marekani yaliwekwa kichocheo katika bomba la moshi, yaani chombo chenye madini kama platini kinachogeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Kabureta nayo ikaanza kuachia nafasi yake kwa mifumo ya kupulizia petroli inayoongozwa na kompyuta. Lakini chombo kikiharibika, dereva hangejua, kwa kuwa gari lingeendelea kutembea. Hivyo jimbo la California liliagiza kwamba magari ya kuanzia mwaka 1988 yaweze kujichunguza yenyewe na kuwasha taa. Kuanzia mwaka 1996 magari yote mapya ya abiria yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kufuata mfumo mmoja, ujulikanao kwa herufi OBD-II. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Basi, taa ya injini haikubuniwa kumwonya dereva kwamba injini itakufa. Ilibuniwa kulinda hewa. Huwaka hasa pale kompyuta inapoona kwamba moshi waweza kuwa mchafu kupita kiwango kilichowekwa. Hata hivyo iko hali moja ya dharura: taa hiyo ikimweka, yaani ikiwaka na kuzimika mfululizo, maana yake silinda mojawapo haichomi petroli yake. Petroli hiyo huingia katika kichocheo na kuwaka humo, na joto lake huweza kukiyeyusha. Hapo dereva apunguze mwendo na mzigo wa injini, na kutafuta fundi upesi.

Katika Afrika kusini ya Sahara jambo hili lina historia yake. Vichocheo haviwezi kudumu palipo na petroli yenye risasi, maana risasi hufunika madini yake. Risasi iliondolewa katika petroli ya eneo hili hadi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Tangu hapo kichocheo kizima chaweza kufanya kazi Nairobi au Dar es Salaam kama kifanyavyo Tokyo.

KOMPYUTA INATAMBUAJE HITILAFU?

Kompyuta ya gari haina macho. Hupokea volteji tu, kutoka kwa vyombo vidogo viitwavyo vihisi. Kihisi cha joto la maji ni mfano mzuri. Ndani yake mna kipande cha madini ambacho ukinzani wake hupungua kinapopata moto. Kihisi cha aina iliyo ya kawaida huwa na ukinzani wa omu 2,500 hivi kwa nyuzi 20, na omu 300 hivi kwa nyuzi 80. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia kikinza kisichobadilika, kisha hupima volteji iliyopo katika kihisi.

Tuseme kikinza hicho ni cha omu 2,500. Kwa nyuzi 20, volteji itakuwa 5 × 2,500 ÷ 5,000, yaani volti 2.5. Kwa nyuzi 80 itakuwa 5 × 300 ÷ 2,800, yaani takribani volti 0.54. Kwa njia hiyo kompyuta hugeuza volteji kuwa joto.

Sasa waya ukikatika je? Mkondo hukoma, na kompyuta husoma volti 5 kamili. Kwa hesabu zake, hiyo ni baridi kali isiyowezekana katika injini inayozunguka. Nyaya mbili zikigusana, itasoma volti 0, yaani joto lisilowezekana. Katika hali zote mbili kompyuta hukataa kuiamini habari hiyo, hutumia kadirio lake yenyewe, huandika namba katika kumbukumbu yake na kuwasha taa.

Hitilafu nyingine hutambuliwa kwa njia ya werevu zaidi. Silinda isiyochoma petroli, kwa mfano, hugunduliwa kwa kupima mwendo wa mhimili mkuu wa injini. Kila silinda inapochoma, mhimili huongeza kasi kidogo. Pale ongezeko hilo linapokosekana, kompyuta hujua ni silinda ipi iliyoshindwa. Na ili kuepuka kuwasumbua madereva kwa jambo la bahati mbaya, hitilafu nyingi hazina budi kuonekana katika safari mbili zinazofuatana kabla taa haijawaka.

NAMNA YA KUSOMA NAMBA

Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi maalumu kwa kipande cha waya, kisha akahesabu mimweko ya taa ya injini. Mimweko miwili, kituo kifupi, kisha mimweko miwili tena, ilisomwa 22, nayo ilikuwa namba ya sakiti ya kihisi cha joto la maji. Mfumo wa OBD-II uliweka soketi ya matundu 16 karibu na usukani, ambamo huchomekwa kifaa cha kusomea. Namba yake ina herufi moja na tarakimu nne, mathalani P0118.

Herufi hutaja sehemu ya gari: P ni injini na giaboksi, C ni chasisi, pamoja na breki, B ni bodi, pamoja na mifuko ya hewa ya kukinga abiria, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta zenyewe. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba hiyo ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, kwa kawaida ni ya mtengenezaji mwenyewe. Kwa namba za herufi P, tarakimu ya pili hutaja mfumo: 1 na 2 ni petroli na hewa, 3 ni uwashaji, 4 ni vyombo vya kupunguza uchafu wa moshi, 5 ni mwendo wa gari na mzunguko wa injini isipokanyagwa, 6 ni kompyuta, 7 ni giaboksi. Mbili za mwisho hutaja hitilafu yenyewe. Hivyo P0301 ni silinda ya kwanza isiyochoma, na P0118 ni volteji iliyo juu mno katika sakiti ya kihisi cha joto la maji.

NAMBA NI DALILI, SI HUKUMU

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo si kila wingu huleta mvua, wala si kila namba huhitaji kipuri kipya. P0118 haisemi kwamba kihisi kimeharibika. Inasema kwamba volteji imepanda mno. Huenda kihisi kimekufa, lakini pia huenda waya umekatika, au plagi yake imelegea, au vyuma vya plagi vimeshika kutu. Kati ya hayo manne, ni moja tu linalotengenezwa kwa kununua kihisi.

Fundi stadi hutofautisha kwa dakika moja. Huchomoa plagi ya kihisi na kuunganisha matundu yake mawili kwa waya mfupi, huku akitazama kifaa cha kusomea. Kama joto linaloonyeshwa lageuka ghafla kutoka baridi kali kuwa moto mkali, basi plagi, nyaya na kompyuta ni nzima, na kihisi ndicho kibovu. Kama hakuna mabadiliko, kihisi hakijathibitika kuwa na kosa. Kosa litafutwe katika nyaya kwanza.

Mfano wa pili ni P0171, isemayo kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli chache. Petroli huungua vizuri kwa takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi ndicho kinachopeleleza uwiano huo. Wengi wakiona namba hii hubadilisha kihisi hicho, nacho huenda ndicho kilichosema kweli. Sababu zaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, chujio la petroli lililoziba, au pampu dhaifu. Kumlaumu kihisi ni sawa na kuvunja kipimajoto kwa kuwa kimeonyesha homa.

KUFUTA NAMBA NA KUNUNUA GARI LILILOTUMIKA

Namba zaweza kufutwa kwa kifaa cha kusomea, au katika magari mengi kwa kuchomoa waya wa betri. Taa huzimika, lakini ugonjwa hubaki. Wauzaji wasio waaminifu hufanya hivyo asubuhi ya siku ya kuonyesha gari. Mnunuzi anayo njia ya kujikinga: kumbukumbu inapofutwa, matokeo ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia nayo hufutika, na huchukua safari kadhaa kukamilika upya. Kifaa cha kusomea kikionyesha kwamba majaribio mengi hayajakamilika, ipo sababu ya kuuliza maswali. Aidha, mnunuzi azungushe ufunguo na kutazama kama taa za injini, breki na mifuko ya hewa zinawaka kwanza, kisha zinazimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa kwa makusudi.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wa fizikia wanaweza kuonyesha kanuni hizi kwa vifaa vichache. Kihisi cha joto la maji kilichotolewa katika gari bovu hupatikana kwa fundi wa gereji. Kiunganishwe kwa mfululizo na kikinza cha omu 2,200 hivi pamoja na betri tatu za tochi, zitoazo volti 4.5. Ncha ya kihisi itumbukizwe katika maji ya moto pamoja na kipimajoto, na volteji ya kihisi ipimwe maji yanapopoa, kila baada ya nyuzi 5. Wanafunzi wachore grafu ya volteji dhidi ya joto. Kisha waya wa kihisi ukatwe, na baadaye ncha zake mbili ziunganishwe, na volteji isomwe kila mara. Mwisho wanafunzi waulizwe: kama wao ndio kompyuta, ni volteji zipi wangezikubali na zipi wangezikataa, na kwa sababu gani?

Mwanafunzi aliyejibu swali hilo amekwisha kuelewa kiini cha jambo. Taa ya onyo ni kipimo, na kipimo hueleza kilichopimwa tu. Sababu yake hutafutwa kwa kujaribu na kuondoa lisilowezekana, hatua kwa hatua, kabla ya kufungua mkoba kununua kipuri. Lakini ikiwa taa ni nyekundu, uchunguzi wote huo ungoje: kwanza gari lisimame.